Ushuhuda wa Timazi

Walimwita Timazi, na jina hilo hakulitafuta. Alikuwa mwashi kwa miaka ishirini, na ukuta aliosimamisha yeye ungeweza kuupima kwa timazi, ile kamba yenye risasi ya kupimia wima, usikute umepinda hata unene wa ukucha. Watu wakasema hata maneno yake yamenyooka vivyo hivyo. Alikuwa pia mzee wa kanisa. Mtu akifiwa au akiachishwa kazi, Timazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga hodi na kumwambia, "Mtegemee Mungu, ndugu yangu. Hajawahi kumtupa mtu."

Siku jukwaa la ujenzi lilipoanguka, alikuwa juu na shemeji yake, mdogo wa mke wake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mwiko. Walikuwa wanapiga lipu ghorofa ya pili. Asubuhi ile mtunza stoo alichelewa, na kamba mpya zilikuwa ndani. Timazi akaokota kamba kuukuu iliyokuwa imetupwa kwenye mchanga, akaivuta mara mbili, akaona nyuzi zimeanza kulegea, akaguna, "Itashika mpaka mchana." Akaifungia nguzo ya kona. Shemeji yake alikuwa chini anachanganya saruji, hakuona kitu.

Haikufika saa nne. Ubao ulicheza mara moja, kisha ukatoweka chini ya miguu yao. Timazi alidaka ukingo wa dirisha, akaning'inia hapo mpaka walipomletea ngazi. Shemeji yake alitua kwa mgongo juu ya rundo la matofali.

Gari lililombeba majeruhi halijatoka getini, msimamizi wa kazi akamgeukia Timazi.

"Jukwaa alifunga nani?"

"Mimi."

"Kamba uliikagua?"

Ilikuwa nafasi ya kusema neno moja tu la kweli, na Timazi aliliona neno hilo waziwazi. Lakini mafundi wote walikuwa wanamtazama.

"Niliikagua. Ila yeye alikuwa anavuta ndoo kwa pupa, ameegemea nje. Nilimwonya."

Msimamizi akaandika kwenye daftari kwamba fundi amejiumiza kwa uzembe wake. Timazi aliitazama kalamu ikitembea mpaka ikafika nukta.

Jumapili iliyofuata wakamwita mbele atoe ushuhuda. Akaeleza jinsi mkono wa Mungu ulivyomshika pale dirishani. Kanisa zima likapiga makofi, na mke wake, ambaye hakuwa amelala siku nne akimuuguza ndugu yake, alipiga makofi huku machozi yanamtiririka. Timazi alirudi kukaa akajifuta viganja kwenye suruali.

Baada ya wiki sita shemeji akatolewa hospitali. Hakuwa na mke, kwa hiyo akaletwa kwa dada yake, yaani nyumbani kwa Timazi, akapewa chumba cha watoto. Daktari alisema mishipa ya uti wa mgongo imepondeka lakini haijakatika. Miguu ingeweza kurudi au isirudi. Mazoezi ya kila siku ndiyo yangeamua.

Jioni ile ile ya kwanza alimwita Timazi kitandani.

"Shemeji, mimi sikumbuki kitu zaidi ya ndoo. Msimamizi ndiye aliyekuja kunieleza. Kumbe nilikaribia kukuua."

"Yamepita hayo."

"Hapana. Una mke, una watoto, na mimi na pupa zangu... Sema umenisamehe. Nisipolisikia hilo sitapata usingizi."

Timazi alitazama ukutani.

"Nimekusamehe," akasema.

Kijana akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia, akafumba macho. Timazi akatoka mpaka uani, akashika bomba la maji, akabaki ameinama hapo bila kulifungua.

Tangu siku hiyo chakula kilikuwa hakishuki. Akipiga magoti, alisema "Bwana," kisha maneno yakagoma. Mchana alijipa sababu, na sababu zilikuwa nyingi. Akisema ukweli atafukuzwa, na akifukuzwa nani atamlisha mgonjwa? Hata Mungu mwenyewe alimfanya kisingizio: kama amemwokoa, bila shaka ana makusudi naye, basi ya nini kufukua yaliyozikwa? Alikuwa anawaombea watu wengine kwa sauti kubwa, na wakimshukuru alitamani ardhi ipasuke.

Mke wake ndiye aliyemweleza kuhusu mazoezi. "Muuguzi amekuja mara tatu, ndugu yangu amemrudisha mara tatu. Anasema amechoka. Hajachoka, baba watoto. Kuna kitu kinamla ndani."

"Mpe muda," Timazi akajibu, akageuka upande wa pili.

Jumamosi moja mvua ikawatawanya kazini, akarudi nyumbani kabla ya saa nane. Akiwa mlangoni anavua viatu vyenye tope, akasikia sauti kutoka chumba cha watoto. Shemeji yake alikuwa anaomba.

"Bwana, asante kwa dada. Asante kwa shemeji, aliyenisamehe bila kinyongo. Miguu siiombi. Niliivunja mwenyewe kwa ujinga wangu, sina uso wa kuja kukusumbua. Nipe tu moyo wa kuvumilia, nisiwe mzigo kwao."

Timazi alibaki na kiatu kimoja mkononi. Siku zote alijua kwamba amemharibia kijana miguu. Hakujua kwamba amemfunga na mdomo, kwamba mtu huyu analala na shida yake yote na haoni haki ya kuomba msaada, kwa sababu ya sentensi moja ya uongo. Na yeye, aliyewaambia watu wote wamtegemee Mungu, miezi hii yote alikuwa ametegemea maandishi ya daftari la msimamizi.

Akaingia bila hodi. Mke wake alikuwa nyuma yake na kikombe cha chai ya mgonjwa.

"Kamba niliifunga mimi," akasema akiwa bado amesimama, "na niliona kwamba imechakaa. Mpya zilikuwa stoo, sikutaka kusubiri. Hukuvuta ndoo kwa pupa. Sikukuonya, hakukuwa na cha kukuonya. Nilimdanganya msimamizi, nikawadanganya na nyinyi."

Mvua ilipiga bati. Shemeji alijiinua kwa kiwiko.

"Nilikuomba msamaha," akasema taratibu.

"Uliniomba."

"Ukanipa."

Kijana akageuza uso ukutani. "Toka, shemeji."

Mke wake aliweka kikombe chini kwa uangalifu, kana kwamba kilikuwa cha moto mno. "Nilikupigia makofi," akasema. "Kanisani, mbele ya watu. Nilikupigia makofi." Hakumsemesha tena wiki ile, ingawa sahani yake ilikuwa mezani kila jioni.

Jumatatu Timazi alikwenda kwa msimamizi, akamsubiri mpaka afute yale maandishi na kuandika mengine. Akaachishwa kazi pale pale, akapewa dakika kumi za kukusanya mwiko na pimamaji yake. Jumapili akasimama mahali pale pale alipotolea ushuhuda, akautengua, na kujiuzulu uzee wa kanisa. Hakuna aliyepiga makofi. Wengine waliacha kumsalimia, na hakuwalaumu.

Usiku huo alipopiga magoti alijikuta hana kitu cha kushika: kazi imekwenda, jina limekwenda, na mke amelala amempa mgongo. Akasema "Bwana," akasubiri maneno yagome kama kawaida. Hayakugoma. Hakuomba kurudishiwa chochote. Aliomba apate nguvu ya kukaa ndani ya nyumba hii kesho, na kesho kutwa, bila kukimbia. Aibu haikuondoka, lakini alilala.

Akawa anapita mitaani akiziba nyufa za kuta za watu. Nyumbani alisogea kama mgeni. Muuguzi alipokuja tena, hakurudishwa. Kupitia mlango Timazi alisikia mgonjwa akigumia kwa maumivu, na asubuhi moja akamsikia akiomba, sauti imepanda, karibu na ugomvi: "Miguu, Bwana. Naitaka miguu yangu. Leo nakuomba miguu."

Wiki ya tano tangu akiri, muuguzi hakufika, na dada wa mgonjwa alikuwa kisimani, bomba la uani likiwa limekauka.

"Shemeji," sauti ikaita. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya mvua.

Timazi akasimama mlangoni.

"Sijakusamehe," kijana akasema. "Namwomba Mungu kila siku anifikishe huko, lakini sijafika. Ujue hivyo."

"Najua."

"Ila nataka kusimama, na dada hawezi uzito wangu. Njoo unishike."

Timazi akapitisha mikono chini ya makwapa ya shemeji yake, akamwinua. Miguu ilining'inia kwanza, kisha goti la kulia likakaza, likatetemeka, likakaza tena. Kijana alimng'ang'ania shingoni, jasho likimtoka.

"Usiniachie."

"Sikuachii."

Mke wake aliwakuta hivyo. Akatua ndoo, akaja upande wa pili, na mkono wake ukapita juu ya mkono wa mumewe kumshika ndugu yake. Hakuuondoa.