Hendla Niliyoiondoa Asubuhi

Sikumpenda Loisi tangu siku ya kwanza, na sioni aibu kulisema. Mfumo wa foleni wa yadi yetu ya malori hapa Tunduma niliuandika mimi, miezi minne mizima. Halafu anatoka mtu Itumba na kicheti chake cha kompyuta, anakalishwa kwenye dirisha la madereva kuita malori kwa zamu, na wiki ya pili tu anauita "kidude chako, kaka Anania." Kidude!

Kwa hiyo bosi wetu, Gwamaka, alipopiga meza akitaka kujua kwa nini lori moja limeandikwa kuitwa mara saba, nilifurahi. Mkononi alikuwa na karatasi iliyochapwa kutoka kwenye kumbukumbu za mfumo. Mistari saba inayofanana, dakika ileile.

"Mara saba, Loisi! Wenzake wana siku tatu barabarani, wewe unambembeleza dereva huyo apite. Kakupa nini?"

"Nimemwita mara moja, mzee."

"Kwa hiyo mfumo unadanganya?"

"Ndiyo," alisema, akiniangalia mimi.

"Basi kesho saa nne uthibitishe mbele ya wote. Ukishindwa, rudi kwenu ukalime."

Asubuhi niliwahi kazini kutafuta ushahidi wa kummaliza. Nikakuta kosa, nalo ni langu. Kila ukurasa wa foleni ulipofunguliwa, programu yangu iliongeza hendla, yaani kile kipande kinachopokea taarifa na kuiandika kwenye faili. Kuongeza niliongeza, kuondoa, sikuondoa hata moja. Ukifungua mara saba, hendla saba zinabaki humo, na tukio moja linaandikwa na zote saba. Na Loisi alikuwa akifungua na kufunga ukurasa kutwa nzima, maana madereva huingiza vichwa dirishani kuchungulia nani yuko mbele yao. Aliwafungia wasione. Hakuna aliyemwagiza.

Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angenicheka. Niliandika mstari mmoja wa kuondoa hendla ya zamani kabla ya kuweka mpya, nikawasha mfumo upya. Nilijiambia nitengeneze kwanza, kusema nitasema baadaye.

Saa nne Loisi alisimama mbele yetu bila kutetemeka. "Jana nimekijaribu, mzee. Nikifungua huu ukurasa mara tano, halafu nikaita lori moja, kinaandika mara tano. Angalia."

Akafungua na kufunga, mara tano, wote tukihesabu. Akaita lori. Bosi akafungua kumbukumbu.

Mstari mmoja.

Loisi akarudia, safari hii mara nane. Mstari mmoja. Ferista wa mapokezi akacheka. Loisi akanigeukia taratibu, na nikaona kabisa kwamba ameelewa.

"Umekigusa, kaka Anania. Sema."

"Anania," bosi akauliza, "umebadilisha kitu?"

Ukweli ulikuwa mdomoni. Lakini alisimama wima mno, yule dada, na chuki yangu yote ikanirudia, pamoja na woga.

"Hapana, mzee. Mfumo uko vilevile."

Hakulia, wala hakunitukana, heri angenitukana. Alivua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani, akatoka.

Bosi akasema mbele ya wote kwamba angalau ofisi hii imebaki na mtu mmoja mkweli. Nilijichukia, na nikamshukuru.