Jigawe, Sista

Kituo cha afya kina wodi mbili, ya wazazi na ya watoto, moja kila upande wa korido, na zamu ya mchana ina muuguzi mmoja tu, Tunu. Zamani wagonjwa walikuwa wakipiga kelele "Nesi!" mpaka koo zinakauka, naye anakimbia huku na kule bila kujua nani kaita. Siku moja alikwenda mnadani kumtafuta Luhende, mfugaji aliyehamia na familia yake kutoka Usukumani, anayechungia upande wa Chiola.

"Ng'ombe akizama kwenye mikorosho, unamjuaje ni yupi?"

"Kwa kengele, mayu. Kila mmoja na mlio wake."

Tunu alirudi na gunia la kengele, akafunga moja kwenye kila kitanda. Haikupita muda akawa anatambua kila mlio hata akiwa chooni. Daktari Sadiki, mganga mfawidhi, alileta wageni kutoka Nachingwea na Ruangwa waje waone ubunifu huo, wakapiga picha. Lakini kila Tunu alipomkumbusha ombi lake la kuletewa muuguzi wa pili, jibu lilikuwa lilelile.

"Wakubwa wanasema tusubiri. Jigawe, sista."

Mchana mmoja wa jua kali zililia kengele mbili kwa pamoja. Ile nzito ilikuwa ya Suzana, mke wa Luhende, aliyetoka kujifungua na sasa alikuwa anavuja damu isiyokata. Ile nyembamba ilikuwa ya mtoto wa Mwamina, mkulima wa Naipingo ambaye juzi tu alitukanana na Luhende kisa ng'ombe kuingia kwenye ufuta wake. Mtoto alikuwa na degedege. Tunu alisimama katikati ya korido. Akienda kulia, wa kushoto atakufa, na akienda kushoto, wa kulia ndiye atazikwa. Basi akajigawa.

Haikuuma. Ulisikika mlio wa kitenge kinachochanwa dukani, Tunu mmoja akaingia kulia na mwingine kushoto. Wa kulia alimchoma Suzana sindano ya kukaza kizazi, akamkanda tumbo mpaka damu ikakata. Wa kushoto alimlaza mtoto ubavu, akatafuta mshipa, akampa dawa mpaka akatulia. Kisha wakakutana kwenye sinki.

"Wako?"

"Mzima. Wako?"

"Anadai uji."

Wakacheka, wakanawa mikono. Walijisikia fahari na hawakuona sababu ya kuificha. Mwamina alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba sista aliyemhudumia hakuwa na saa mkononi. Ilikuwa kweli. Sare iligawika vizuri, ila saa ilibaki kwa mwenzake.

Luhende alikuja kumwona mkewe, akawatazama wote wawili kwa makini, kuanzia miguuni kwenda juu, kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Huyu kwetu hauzwi," alisema, na Tunu alijua hiyo ni sifa kubwa.

Nyumbani, mama yake alipowaona wawili wakivua viatu, aliongeza unga kwenye sufuria.

"Nilizaa, jamani," alisema, akatoka kwenda kuwaambia majirani.

Kwenye kikao cha asubuhi Daktari Sadiki alishika mikono yao yote minne.

"Wakubwa wamefurahi mno. Ombi la muuguzi wa pili wamelifunga, maana tunao tayari."

Watumishi wakapiga makofi, na makofi yenyewe yalikuwa ya dhati. Kabla hayajaisha, kengele tatu zililia kwa pamoja. Akina Tunu walitazamana.

"Safari hii wewe," alisema mwenye saa, akakimbilia wodi ya wazazi.

Mwenzake alinyoosha sare yake, akaenda kusimama katikati ya korido. Daktari Sadiki aliposikia kitambaa kikichanika, alitoa simu mfukoni awape wakubwa habari njema.