Nta Chini ya Injini

…na hii ni mara ya tatu naifuta, kwa kitambaa kilekile, naichomeka mpaka mwisho wake, naichomoa taratibu kama mtu amtoaye mtoto mwiba unyayoni, na bado stiki haina neno jipya, alama ya juu kavu, alama ya chini kavu, na nchani kabisa tone moja jeusi linaning'inia wala halidondoki, galoni nzima ya oili imeingia jana usiku kwa mkono wangu na leo adhuhuri limebaki tone, na harufu hii inayopanda kutoka uvunguni, harufu ya mzinga uliofukizwa moto, ee Mola, upepo ugeuke, mwenyekiti asiisikie… “Vipi, ndugu dereva, limekufa?” Ni Bundala huyo, mwenyekiti wetu wa kijiji, hajashuka bado, ametoa kichwa tu dirishani, nami najibu kwamba napima, mwenyekiti, napima kwanza, sauti yangu nyembamba, nimeinama ndani ya boneti kama aswaliye na hakuna ninachopima tena, kilichopimwa kimekwisha kupimika, kilichobaki ni kusema… na nyuma, juu ya godoro la sufi, Mayala, mrina asali wetu, anaguna, si kilio, guno la mtu anayesaga meno, amefungwa mguu kwa vipande vya ubao wa mzinga uleule alioanguka nao alfajiri, mfupa umetoboa ngozi juu ya goti, na mkewe Nyamizi anambadilishia tambara la tatu, la tatu, na mimi stiki ya tatu… mlio ulianza pale tulipopanda kutoka korongoni, kwanza juu, mwepesi, wa haraka, kama cherehani ya jirani nyuma ya ukuta, nikajidanganya kuwa ni kifuniko kimelegea, nikaenda nao, nikauhesabu kwa kidole juu ya usukani kama nilivyohesabu mizani ya mashairi chuoni kwa maalimu, moja, mbili, tatu, na ya nne inachechemea, na sikio likishalijua shairi linalochechemea haliponi, kisha taa nyekundu ya oili ikapepesa, ikatulia, ikawaka moja kwa moja, nikazima… lakini kabla sijazima, hatua mia za mwisho, je, nilisikia na ule mwingine, mzito, wa chini, gu, gu, maana fundi Yahaya aliyenifunza kazi hii alisema, mlio wa juu ni kiu, mlio wa chini ni mauti, mwenye kiu ukimpa maji huinuka, aliyekufa utammwagia mto mzima, na mimi sijui nilisikia upi, nilikuwa na hofu, na hofu nayo ina mlio wake… “Washa twende, bwana, mji si huo hapo?” Si huo hapo, mwenyekiti, tumeipita Kwihara sasa hivi tu, tuna maili tano mpaka nyumba za kwanza, na maili moja tu ya hivi itakuwa imeuangamiza mtambo huu, lendirova la bwana shauri wa zamani, zee kuliko uhuru wenyewe, lakini ndilo pekee tulilopewa, vitongoji vinne vinalitegemea… na chini ya kiti changu ipo chupa moja ya oili ya akiba, ningeimimina sasa hivi, nani angeniuliza, lakini itapita injinini kama maji katika tenga na kuishia mchangani, maana ufa ule upo wazi, ufa ninaoujua mimi, urefu wa kidole cha shahada, chini ya sampu, bakuli la oili, upande wa kushoto, ufa wa jana… nilitumwa mjini kuleta mbegu za karanga, mbegu nikazipata, nikapinda njia, kwa sababu mama, kila jioni tangu operesheni ya vijiji itutoe kule na kutupanga kwa mistari kijijini, kila jioni mama yangu Mwanajuma anausukuma ugali pembeni, unga huu wa mashine unanuka dizeli, mwanangu, jiwe langu mmeliacha wapi, jiwe la kusagia la bibi yake, limebonyea katikati kwa mikono ya wanawake watatu waliokwisha kufa, nikaenda mahameni kwetu, nikalikuta ndani ya majani, nikalikumbatia kama mtu, nikalipakia, na katika kugeuza gari nikasikia kisiki kikigonga chini, mlio mmoja tu, mfupi… jiwe sasa limelala chini ya kitanda cha mama, limefunikwa jamvi, na mama jana alikula, alikula akamaliza… na baba yangu alikuwa mfua bati pale Isevya, mji mzima ulimletea birika zake na karai zake azitie lehemu, na mimi, mwana wa mtu yule, niliyelala utotoni kando ya mvukuto wa moto na kujua risasi inayeyuka lini na bati linakubali lini, mimi nikaenda kuziba chuma kwa nta! Sabuni ndiyo dawa, sabuni iliyofinyangwa pamoja na uzi, oili ya moto haiiyeyushi, Yahaya alinionyesha, lakini sabuni imeadimika tangu mfungo, nikaenda kwa Mayala jioni, nipe nta kidogo ndugu yangu, na Mayala, Msukuma wa Nzega asiyeacha utani hata msibani, akacheka mpaka akakaa chini, “Kumbe lendirova nalo kibuyu! Ziba, ziba, Shaban, kesho tutalikamua asali,” akanipa donge lake, akanishikia taa ya kibatari nilipolala uvunguni, nta ikashika, usiku na baridi yake ikashika vizuri, nikasema nitapata sabuni siku mbili hizi, hakuna atakayejua… na alfajiri yeye akaanguka, ikawa ni yeye wa kupakiwa. Kwa nini sikusema pale, watu wamemwinua kwa machela, Bundala anapiga kelele lete gari, lete gari, na mimi mwenye ufunguo nikalileta… nilimwona Kornel, ndiyo, nilimwona Kornel muuza duka la kijiji akipandishwa gari la polisi kwa ajili ya mifuko miwili ya chumvi, mhujumu, neno lile lilisemwa mara moja tu mkutanoni, kwa upole, na miezi minane sasa mkewe analima peke yake, na chumvi ni chumvi, hili ni gari la umma, limevunjwa katika safari ya jiwe… “Mwenyekiti,” ni Mayala, sauti yake imekauka, anazungumza kwa vipande, “mwache Shaban… asiharakishwe… gari zee hili, si kosa lake, hata likiwa zima linakohoa.” Na Bundala anasema haya, haya, nyamaza wewe, usijichoshe… si kosa lake, amesema, yeye aliyenishikia taa, anajua nta imekwenda wapi, pua yake ni pua ya mrina asali, ameisikia harufu kabla yangu, anajua kila tone linalomtoka na kila tone lililotoka hapa, na pumzi aliyonayo anaitumia kunisitiri… na njia hii, ndiyo njia hii, babu yake mama aliipita na jino la tembo begani, mama husimulia, alikuwa na jeraha unyayoni akalificha kwa majani na kamba, maana mpagazi achechemeaye huachwa porini, akatembea siku sita akichekesha wenzake, siku ya saba akaanguka, na jino likamvunja mgongo aliyekuwa mbele yake, na aliyekuwa mbele yake hakuwa na jeraha lolote. Nyamizi anaomba maji. Pindo la kanga yake limefungwa fundo, nilimwona akilifunga wakati tunapakia, kipande cha sabuni ya mche, si kikubwa kuliko kiberiti, akiba ya nani ajuaye miezi mingapi, mgonjwa wangu ataogeshwa kwa sabuni yangu, alisema, na tangu taa iwake sijaacha kulitazama fundo lile, ninalitazama na kuliacha, kwa sababu siwezi kuiomba sabuni bila kusema ya nini, na nikisema ya nini nimesema yote, kisiki, mahame, jiwe, mama, nta… maliza basi, sikiliza kama baba alivyosikiliza karai kwa ukucha kabla ya kuligusa, rudi kwenye zile hatua mia, ule wa juu ulikuwapo, ndiyo, kiu, na ule wa chini, gu, gu, ule naendelea kuusikia hata sasa na injini imezimwa, unanigonga hapa, chini ya mbavu. Basi ni kiu. Kuna sabuni ya ufa na chupa moja ya kiu, na baada ya hapo na waje na neno lao la upole… “Washa twende, ndugu dereva!” Tone bado linaning'inia nchani mwa stiki, halijadondoka, nageuza uso kutoka bonetini, jua linanipiga machoni, “Shemeji Nyamizi,” nasema, na sauti, ajabu, ni yangu, “fungua hilo fundo la kanga. Na wewe mwenyekiti, shuka, uje uinuse hii harufu, nikwambie…”