Kiitikio cha Mlenda

Mgeni alitoa shikamoo vizuri, tena kwa kuinama kidogo, na hilo ndilo lililomtia Zefania wasiwasi wa kwanza. La pili lilikuwa redio kaseti aliyoiweka mezani: mpya, ya milango miwili, ya aina iliyojaa madukani tangu enzi za ruksa zilipofungulia bidhaa za nje. Redio kama hiyo hucheza kanda upande mmoja huku ikiinakili upande wa pili.

"Marahaba," alisema Zefania, akaufunika mfuko wa shati kwa kiganja.

Kila Jumapili baada ya ibada, wapenzi wa muziki wa zamani walikutana kwenye mgahawa wa Febronia, jirani na stendi ya mabasi ya Singida. Huyu alisifu gitaa la bendi yake, yule tarumbeta la bendi yake, na ubishi ulipokwisha chai ilikuwa imepoa. Lakini heshima kubwa ilikuwa ya Zefania. Mwaka wa sabini na nne, Lwama Jazz walipopiga ukumbini hapo mjini, yeye alikuwa amepakata kinasa sauti. Kanda ile, iliyokuwa mfukoni mwake hata sasa, haikuwa na nakala. Rafiki yake Yeremia aliwahi kumwazima kanda zake kijana mmoja mwenye adabu. Mwezi haujaisha, nyimbo zile zikauzwa stendi zikiwa na picha ya mtu mwingine kabisa.

"Naitwa Gasto, natoka Manyoni," alisema mgeni. "Nami nilikuwepo ukumbini siku ile. Nimeambiwa unayo kanda, mzee. Naomba kuisikia tu."

Kusikia tu. Hata fisi huomba kunusa tu.

"Kama ulikuwepo," alisema Zefania, "tuimbie kiitikio cha wimbo wa mwisho."

Febronia alitabasamu. Mtego ule aliujua. Yeyote aliyewahi kumaliza kikombe pale alikwisha kusimuliwa jinsi mwimbaji alivyoimba kwa Kilingala "malembe, malembe", yaani polepole, na watu wa Singida, kwa masikio yao ya nyumbani, wakaitikia "mlenda, mlenda", mboga yao ya kila siku. Ukumbi mzima uliitikia hivyo, alivyosimulia Zefania, hata mwimbaji akacheka.

Gasto alifumba macho, akaimba kwa sauti nzuri: "Malembe, malembe..."

"Hivyo ndivyo walivyoimba redioni," Zefania alimkata. "Ukumbini hatukuitikia hivyo. Febronia, muulize huyu anatafuta nini hapa."

"Nilikuwepo, mzee."

"Basi kanda iseme, Baba Eliana," Febronia alimwambia Zefania. "Ukiificha, tutaanza kukushuku wewe."

Hapo alibanwa. Hakuwa ameicheza kwa miaka mingi, akiogopa mashine isije ikaitafuna. Aliikataa redio ya mgeni, akataka ile kuukuu ya Febronia, kisha akaketi kidole kikiwa juu ya kitufe.

Kanda ilikwaruza, tarumbeta likapanda, mwimbaji akaita. Ukumbi mzima ukaitikia, wazi kabisa: malembe, malembe. Na karibu mno na kinasa sauti, sauti moja ya mwanamume, yenye furaha na isiyofuata gitaa, ikapaza: mlenda, mlenda. Mwimbaji akacheka.

Febronia aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika.

"Sasa nakumbuka," alisema Gasto. "Sisi tulikaa karibu na mlango. Tukasema, yule ndugu katoka kwake bila kula."

Zefania alibonyeza kitufe. Aliichomoa kanda, akamtazama mgeni, kisha akaitazama ile milango miwili. Mtu aweza kusema kweli na bado akawa mwizi. Na sasa, kanda ile ikipigwa stendi, Singida nzima ingemsikia akiomba mboga.

"Njoo Jumapili ijayo," alisema, akifunga kifungo cha mfuko. "Upande wa pili kuna tarumbeta zuri zaidi. Ila hiyo redio yako iache Manyoni."