Vipepeo Juu ya Mbeleko

Mama mkwe alikuwa anaondoka kwenda matangani, na Apuuli, mtoto wa miezi minane, hakuwa na wa kubaki naye. Kahunde akamfunga mgongoni, akachukua ndoo ya chambo na daftari.

"Ateenyi, huyo mtoto ananuka kama mlevi," mama mkwe alisema. Hakumwita Kahunde hata siku moja. Mtu wako humwiti kwa jina tupu; humwita kwa jina lake la heshima na upendo, kama Ateenyi. "Mbeleko umeifanya nini?"

"Nilichujia chambo jana, Abwooli. Nimeisuuza."

"Umeisuuza. Sabuni ilikukosea nini?"

"Imekwisha. Nenda, utakuta wameshazika."

Chambo cha mitego ya vipepeo kilikuwa ndizi mbivu zilizochachushwa siku tatu kwa pombe kidogo. Kazi yenyewe haikuwa ngumu: kupita njia ileile, malishoni, kwenye miwa, kijitoni, mpaka ndani ya msitu wa Budongo, na kuandika kila aina ya kipepeo na mahali alipoiona. Watafiti waliomwajiri walitaka kujua kipepeo gani amebaki wapi tangu miwa ilipousogelea msitu.

Malishoni alipata aina kumi na moja, wadogo weupe na wa manjano wanaopenda maua. Kwenye miwa, aina mbili tu, na mmoja alikuwa mpita njia. Kijitoni, penye tope la mkojo wa ng'ombe, kumi na tisa, wamejipanga wananyonya chumvi. Hakuna aliyemjali Apuuli.

Msituni mambo yakabadilika. Hatua thelathini tu chini ya miti, kipepeo mkubwa mwenye mikia akatua begani mwake. Akaja wa bluu. Kahunde akaandika. Kabla ya mtego wa kwanza alikuwa na aina tisa, na pale hakuwahi kupita nne. Apuuli akacheka. Kahunde akageuza shingo, akawaona wamejazana juu ya mbeleko, wamekunjua mirija yao, wananyonya.

Kalamu ikasimama. Vipepeo wa msituni hawahangaiki na maua. Hufuata tunda lililooza. Na si wao peke yao humu wanaopenda ndizi. Mwezi wa Machi, ng'ambo ya kijito, sokwe alimpokonya mama mtoto akiwa shambani. Kilichopatikana kilizikwa bila kufunuliwa. Ndiyo maana ndoo yake ilikuwa na kifuniko. Mtoto hakuwa nacho.

Vipepeo wakaruka wote kwa pamoja.

Dume la sokwe lilikuwa limeketi njiani nyuma yake, hatua kumi, kati yake na miwa. Lilikuwa linautazama mgongo wake.

Ukikimbia unampa mgongo, na mgongoni ndiko aliko mtoto. Kahunde akageuka taratibu.

"Araali," alisema, akimpa naye jina la heshima, kwa sauti ya mtu anayepita mlangoni kwa jirani. "Araali, baba, napita tu."

Sokwe akainuka. Nywele za mabega zikamsimama.

Kahunde akaipiga ndoo teke, kifuniko kikatoka, ndizi zikamwagika. Sokwe hakuziangalia. Kahunde akaliachia daftari, akafungua fundo kifuani, akamzungusha Apuuli mbele kwa mkono mmoja na kuvuta kitambaa kwa mwingine. Mtoto akaanza kulia.

"Nyamaza, Apuuli. Araali, hii yako."

Akaitupa mbeleko mbali na njia. Sokwe akaitazama, akamtazama mtoto, akaitazama tena. Kahunde akajikuta anahesabu, kama yuko kazini. Alipofika saba, sokwe akairukia mbeleko.

Kahunde akapita kinyumenyume. Hakukimbia mpaka miwa ilipomfunika.

"Mbeleko iko wapi?" Abwooli aliuliza jioni.

"Msituni."

"Umeiacha?"

"Nimeitoa."

Abwooli akamtazama usoni. Kisha akamwogesha mtoto kwa maji ya majivu, mara mbili.

Kesho yake Kahunde alifuata daftari pamoja na wanaume wawili wenye mapanga. Mbeleko ilikuwa mtini, imechanwa vipande, kimoja kirefu kama mkono wa mtoto. Vyote vilikuwa vimefunikwa na vipepeo.

"Hesabu basi, Ateenyi, tuondoke," mmoja alinong'ona.

Akahesabu. Aina thelathini na nne. Akaandika mahali: msituni. Kisha akafunga daftari, akarudi nyumbani, akambeba Apuuli kifuani.