Mikono ya Kunyonyeshea

Kazi yetu ni kuosha utumbo uani, nyuma ya machinjio, kwenye bomba linalopigwa na upepo pande zote. Asubuhi za baridi vidole hufa ganzi hata sijui kama nimeshika kisu. Glovu za mpira tulizopewa zinaingiza maji. Ukizivaa, ni kama umeshika chura kila mkono.

Mama mkwe, aliyeniingiza kazini na aliye hapa tangu mume wangu akinyonya, ana dawa yake. Tumbo la ng'ombe likitolewa tu, bado linafuka mvuke, yeye hulipasua, akatumbukiza mikono hadi viwiko ndani ya yale majani yaliyosagika nusu, akafumba macho na kuguna kama mtu aliyeletewa chai. Siku ya kwanza kumwona, nilikimbilia ukutani nikatapika.

"Utazoea, mwanangu," aliniambia.

"Mama, bora nigande."

"Haya, malkia. Ganda."

Na ningeganda kweli, ila nina mtoto mchanga. Wifi yangu humleta kwenye uzio wakati wa mapumziko anyonye. Juzi nilipomshika tu kwa mikono ile ya barafu, alipiga yowe, akajipinda, akakataa titi. Jana vilevile. Maziwa yananilowesha kifua, naye analia njaa.

"Nyumbani wanasema tumpe ya kopo," wifi alininong'oneza. "Akishazoea kopo, wewe basi tena."

Leo nikasalimu amri. Nilitumbukiza mikono. Uji ule mzito ukapenya katikati ya vidole, harufu ikanipanda hadi kooni. Kisha joto likaingia kwenye viungo, nikajichukia, maana lilikuwa tamu.

Nikakimbilia bomba, nikajisugua kwa sabuni. Mama mkwe alicheka akashika mbavu.

"Mjinga wewe! Joto lote umelimwaga!"

Kweli, mikono ilishakuwa barafu tena. Nikarudi, nikaitumbukiza upya, na safari hii nikajifuta kwa tambara tu. Nilifika kwenye uzio nanuka zizi zima. Wifi alinikabidhi mtoto huku amebana pua.

Hakulia. Alitulia mikononi mwangu, akanyonya kwa pupa mpaka jasho likamtoka. Aliposhiba, akakamata kidole changu, akakivutia mdomoni. Nikakichomoa haraka. Akaangua kilio, anakitafuta.

"Baba yake naye alikuwa hivyohivyo," mama mkwe alisema nyuma yangu kwa upendo, na matapishi yakanirudi kooni.