Pumzi za Kitanda cha Sita

Asubuhi ile bibi wa kitanda cha sita alikuwa ameshafunga mzigo wake, anasubiri ruhusa ya kwenda nyumbani. Karatasi yake ilisema anapumua mara ishirini kwa dakika. Nikatazama karatasi nyingine: wodi nzima inapumua ishirini, utadhani kwaya.

"Mwanangu, umewahesabia pumzi kweli?" nilimuuliza mwanafunzi wetu wa uuguzi.

"Nimewaangalia tu, Sista."

Nikamshika bibi mkono kama napima mapigo, maana mtu akijua unamhesabia pumzi, anaanza kupumua kwa adabu. Macho yangu yalikuwa kifuani kwake. Thelathini na nne, nyingi mno kwa mtu aliyekaa tu.

"Bibi, leo huendi."

"Una wivu wewe! Mjukuu wangu yuko getini."

Daktari alimsikiliza mapafu, akaagiza oksijeni haraka. Mwanafunzi machozi yakamlengalenga. Sikumfokea, nikampa saa yangu.

"Anza upya, wote. Shika mkono, tazama kifua, dakika nzima."

Alipofika cha sita, bibi akamnyooshea mkono mwenyewe.

"Shika, mjukuu wangu. Nimesikia mnachohesabu, ila nitajifanya sijui."